Kisima kimoja, ekari tatu: ni kiasi gani cha shamba kimwagiliwe?

Swali: Mimi na mume wangu tuna shamba la ekari tatu Mbutu, Kigamboni, umbali wa kilomita mbili hivi kutoka baharini. Mwaka jana tulichimba kisima cha mita 45. Fundi alipojaribu pampu, pipa la lita 200 lilijaa kwa dakika sita, na kipimo chake cha chumvi kilisoma 1,400. Udongo wetu ni kichanga. Tunataka kupanda nyanya na pilipili hoho katika ekari zote tatu kuanzia Juni ili tuvune kabla ya vuli. Fundi anatushauri tununue pampu kubwa zaidi na tuchimbe kisima cha pili mita 30 kutoka cha kwanza. Tununue pampu ya ukubwa gani, na je, maji yatatosha bila kukiharibu kisima?

Jibu: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kuleta swali lenye vipimo, kwa maana maswali mengi ya umwagiliaji hufika yakiwa na bei ya pampu tu. Kwa namba ulizotoa, nakushauri usinunue pampu kubwa zaidi, na usichimbe kisima cha pili kwa sasa. Kisima ulicho nacho kinaweza kulisha nusu ekari ya nyanya zilizofikia umri wa kuzaa, au robo tatu ya ekari ikiwa utapanda kwa awamu. Natambua kuwa hilo liko mbali na ekari tatu ulizozikusudia, kwa hiyo nitaieleza hesabu yenyewe ili wewe na mumeo muikague pamoja na fundi wenu.

Tuanze na kiu ya zao. Katika ukanda wa Dar es Salaam, jua, joto na upepo huondoa shambani maji ya kina cha milimita 4 hadi 6 kwa siku, kutegemea mwezi. Miezi ya kipupwe huwa karibu na kiwango cha chini, na Januari na Februari huwa karibu na kiwango cha juu. Kwa kupanga, tuchukue milimita 5. Mnyanya mchanga, ambao majani yake bado hayajafunika tuta, hutumia takriban asilimia 60 ya kiasi hicho, yaani milimita 3. Ukifikia maua na matunda hutumia asilimia 115, yaani karibu milimita 5.75, kisha matumizi hushuka hadi asilimia 80 hivi matunda yanapomalizika kuiva. Viwango hivi vinatokana na utaratibu wa ukadiriaji uliochapishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 1998, na ndio wanaotumia wahandisi wengi wa umwagiliaji hadi leo.

Milimita 1 ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Kwa hiyo ekari moja ya nyanya zinazozaa huhitaji takriban lita 23,300 kwa siku. Hakuna mfumo usiopoteza maji: umwagiliaji wa matone ukisimamiwa vizuri hufikisha asilimia 90 kwenye mizizi, mvua bandia, yaani vinyunyizio, asilimia 75, na mifereji kati ya 50 na 60, tena kwenye kichanga kama chako usitarajie hata hiyo 50. Tukichukua matone, ambayo ndiyo njia pekee ninayoweza kuipendekeza kwa shamba lako, kisima kitatakiwa kutoa lita 25,900 kwa siku kwa kila ekari, yaani lita 77,700 kwa ekari tatu. Kisima chako, kwa kipimo cha pipa, kinatoa lita 2,000 kwa saa. Ili kupata lita hizo ungehitaji kusukuma maji kwa saa 39 katika siku yenye saa 24.

Hapo ndipo fundi anapoona kwamba pampu ni ndogo. Mimi naona kwamba shamba ni kubwa. Tofauti ya mitazamo hii miwili si ndogo, kwa kuwa pampu haizalishi maji. Pampu kubwa ikifungwa kwenye kisima kinachojazwa kwa lita 2,000 kwa saa itakishusha kisima haraka, itavuta mchanga, na huenda ikaungua kwa kukaukiwa. Kwa shamba lililo karibu na bahari kuna hatari nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo inahitaji maelezo marefu kidogo.

Chini ya ardhi ya pwani, maji matamu ya mvua yamekaa juu ya maji ya chumvi yanayopenya kutoka baharini, kwa sababu maji matamu ni mepesi zaidi. Kanuni inayojulikana na wataalamu wa maji ya ardhini ni kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huzuia maji ya chumvi yasipande hadi kina cha takriban mita 40 chini ya usawa huo. Geuza hesabu hiyo utaona tatizo: ukishusha usawa wa maji kisimani kwa mita moja na kuuacha hapo kwa muda mrefu, mpaka wa chumvi unaweza hatimaye kupanda kwa mita 40. Kisima cha mita 45, kilomita mbili kutoka ufukweni, kwa vyovyote vile kitako chake kiko chini ya usawa wa bahari. Kuingia kwa chumvi katika visima vya pwani ya Dar es Salaam ni jambo lililokwishapimwa na kuthibitishwa, na kisima kikishakolea chumvi hakirudi hali yake kwa masika moja. Huchukua miaka mingi, na vingine hutelekezwa.

Kwa sababu hiyo, namna ya kusukuma maji ni muhimu sawa na kiasi chake. Lita 12,000 zikivutwa polepole kwa saa sita hushusha maji kisimani kidogo kuliko lita hizo hizo zikivutwa kwa saa mbili. Pampu ndogo ya sola, inayotoa lita 2,000 kwa saa au pungufu kidogo, ikifanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri, inalingana na tabia ya kisima chako bila wewe kuisimamia: jua likitua inapumzika, na kisima kinajirudi usiku kucha. Iunganishwe na kifaa cha kuizima maji yakishuka chini ya kiwango ulichokiweka. Kwa wastani wa saa sita na nusu za jua la maana utapata takriban lita 13,000 kwa siku. Hizo ndizo lita zako. Ukizigawa kwa 25,900 unapata nusu ekari.

Kisima cha pili umbali wa mita 30 hakiongezi kitu cha maana. Kila kisima kinaposukumwa huteremsha maji yanayokizunguka, na visima viwili vilivyo karibu namna hiyo, katika kichanga kile kile, vitanyang'anyana maji yale yale na kushusha usawa mara mbili mahali pamoja. Tena kuchimba kisima na kutumia maji yake kwa kilimo cha biashara si uamuzi wa mwenye shamba na fundi peke yao. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutumia maji, na kwa eneo lenu kibali hicho hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Kama kisima cha kwanza hakina kibali, anza na hicho. Wengi hukiona kibali kama karaha ya ada, lakini ndicho kinachoandika haki yako ya kiasi fulani cha maji siku jirani atakapochimba cha kwake hatua chache kutoka uzio wako.

Kabla ya kutumia shilingi yoyote nyingine, kipime kisima upya. Pipa moja lililojaa kwa dakika sita halitoshi, kwa kuwa dakika za mwanzo hutumia maji yaliyokuwa yamejikusanya ndani ya kisima. Chukua kamba yenye uzito mwishoni, ifunge mafundo kila nusu mita, na upime kina cha maji alfajiri kabla pampu haijawashwa. Washa pampu kwa saa sita mfululizo. Kila baada ya saa moja pima muda wa kujaza pipa, kina cha maji, na chumvi. Zima, kisha pima kina tena baada ya saa moja na alfajiri inayofuata. Ukikuta pipa la saa ya sita linajaa kwa dakika nane badala ya sita, kisima chako ni cha lita 1,500 kwa saa, na hesabu zote hapo juu zipunguzwe kwa robo. Ukikuta asubuhi ya pili maji hayajarudi yalipokuwa, basi hata hiyo ni nyingi. Mwezi mzuri wa kufanya jaribio hili ni ule ambao ardhi imekauka zaidi, yaani Oktoba kabla ya vuli au Februari kabla ya masika. Kipimo cha Mei, masika yakiwa yamejaza ardhi, kitakupa tumaini lisilo la kweli.

Kuhusu namba 1,400 aliyoisoma fundi: bila shaka ni maikrosimensi kwa sentimita, kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme kwa sababu ya chumvi iliyomo. Maji ya chini ya 700 hayana tatizo kwa zao lolote la kawaida, na yanayozidi 3,000 yana tatizo kubwa. Yako yamo katikati, na hapa uchaguzi wa zao unabadilika. Nyanya huvumilia maji ya hadi 1,700 bila kupungua mavuno, na hata kwa 2,300 hupoteza asilimia 10 tu. Pilipili hoho huanza kuumia maji yanapozidi 1,000, vitunguu 800, na maharage 700. Kwa maji ya 1,400, hoho itakupunguzia mavuno kwa kadiri ya asilimia 8 hata ukifanya kila kitu sawasawa, tena itadai maji ya ziada ya kusafisha chumvi kwenye mizizi ambayo kisima chako hakina. Ningeiacha hoho kwa msimu huu na kubaki na nyanya. Masika yajayo, ambayo kwa kawaida huleta zaidi ya milimita 400 kati ya Machi na Mei, yatasukuma chini chumvi itakayokuwa imebaki kwenye kichanga, na hiyo ni mojawapo ya faida chache za udongo wa namna hiyo. Maji haya yasimwagwe juu ya majani, hasa mchana, kwa sababu matone yakikauka huacha chumvi inayounguza kingo za jani.

Sasa mpangilio wa shamba. Badala ya kupandikiza nusu ekari siku moja, gawa robo tatu ya ekari katika vitalu vitatu vya mita za mraba 1,000 hivi kila kimoja, na uvipandikize kwa kupishana wiki nne hadi tano. Kwa namna hiyo, wakati kitalu cha kwanza kinamalizia mavuno, cha pili kiko kwenye kilele cha kiu, na cha tatu bado ni miche. Mahitaji yao kwa siku yatakuwa takriban lita 4,500, 6,500 na 3,400, jumla lita 14,400. Utaona kwamba zinazidi kidogo zile 13,000, lakini miche iliyo chini ya matone na matandazo hunywa pungufu ya hesabu, kwa kuwa ardhi iliyo kati ya matuta inabaki kavu. Faida nyingine ni ya sokoni: hutafika Ilala au Temeke na matenga yote katika wiki ile ile ambayo kila mtu naye ameleta ya kwake.

Kwa mistari iliyoachana mita 1.5 na matundu ya kila sentimita 30 yanayotoa lita 1 kwa saa, kitalu kimoja kitakuwa na matundu 2,200 hivi na kitatumia lita 2,200 kwa saa, karibu sawa na mwendo wa kisima. Kitalu kilicho kwenye kilele kifunguliwe saa tatu kwa siku, kinachomalizia saa mbili, na cha miche saa moja na nusu. Matenki mawili ya lita 5,000 yakijazwa mchana yatakuwezesha kumwagilia alfajiri upepo ukiwa umetulia, na kilichobaki utakimalizia pampu inapoanza kufanya kazi.

Jambo linalowashinda wengi ni msukumo. Mipira ya matone hutaka baa 0.5 hadi 1, na baa 1 ni maji yaliyopandishwa mita 10. Tenki lililo juu ya mnara wa mita tatu linatoa baa 0.3 tu. Linaweza kufanya kazi, ila mistari iwe mifupi, isizidi mita 30, na bomba la kugawia lisiwe jembamba. Usiamini kwa macho kwamba maji yamefika. Weka vikombe vya plastiki chini ya matundu ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho wa mstari, fungua koki kwa dakika sita, kisha pima: tundu la lita 1 kwa saa linapaswa kujaza mililita 100. Ukipata 100 mwanzoni na 65 mwishoni, miche ya mwisho inakufa kiu huku ile ya mwanzo ikioga, na kila utakapoongeza muda ili kuiokoa ya mwisho utakuwa unamwaga maji ya kisima chini ya mizizi ya mwanzo. Kichujio kikaguliwe kila siku, kwani visima vya kichanga havikosi chembe za mchanga, na ncha za mipira zifunguliwe kila wiki ili uchafu utoke.

Kichanga hushika maji machache. Mita moja ya kina cha udongo wako huenda inashika milimita 80 tu za maji ambayo mmea unaweza kuyatumia, na nyanya isiachwe itumie zaidi ya asilimia 40 ya hizo kabla ya kumwagilia tena. Kwa mizizi ya nusu mita hiyo ni milimita 16, yaani takribani siku tatu katika kilele cha kiu. Kwa miche yenye mizizi ya sentimita 20 ni siku mbili. Kwa hiyo desturi ya kumwaga maji mengi mara moja kwa wiki haifai kabisa hapo ulipo: nusu ya maji itapita chini ya mizizi pamoja na mbolea uliyoinunua kwa bei kubwa, na mwisho wa juma mmea utakuwa na kiu. Kuyumba huko kwa maji ndiko kunakoleta nyanya zinazooza kitako, ambazo wakulima wengi huzipigia dawa bila mafanikio.

Upande mwingine, usimwagilie kwa mazoea tu. Chimba kwa kijiko kirefu hadi sentimita 25 kando ya mmea na ubane udongo mkononi. Kichanga chenye unyevu wa kutosha hushikana kidogo na kuacha alama ya unyevu kiganjani. Kikimwagika kama sukari, umechelewa. Katika skimu ya Kiwere, mkoani Iringa, wakulima waliopewa vihisi vya unyevu vinavyowaka rangi ya bluu, kijani na nyekundu walikuta kwamba walikuwa wakimwagilia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, wakapunguza, na mavuno yakapanda kwa sababu mbolea haikuoshwa tena. Shamba lao si kichanga cha pwani, lakini funzo la kuutazama udongo kabla ya kufungua koki linakuhusu wewe pia.

Kuna njia chache za kupunguza kiu yenyewe. Matandazo ya nyasi kavu au pumba za mpunga, unene wa vidole vitatu, ndiyo ya kwanza na ndiyo rahisi kuliko zote. Upepo wa kusi, unaovuma kwa nguvu miezi hiyo hiyo unayotaka kulima, hukausha majani. Uzio wa makuti upande wa kusini-mashariki utausaidia mstari wa mbele, na makuti, tofauti na mabingobingo ambayo wengi hupanda, hayanywi maji. Samadi iliyooza huongeza uwezo wa kichanga kushika maji, ingawa manufaa yake huonekana baada ya misimu kadhaa. Maji ya paa sitayapuuza, ila yasikudanganye: paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 300, hukusanya lita 24,000 hivi, ambazo hazifikii hata matumizi ya siku moja ya ekari ya nyanya. Yatumie kuoteshea miche kabla ya kuipandikiza na kuchanganyia dawa, kwa kuwa hayana chumvi.

Niseme pia jambo ambalo wauza mipira ya matone hawalisemi. Mkulima anayehama kutoka mifereji kwenda matone huona maji yamebaki, na mara nyingi huyatumia kupanua shamba. Mwisho wake kisima kinasukumwa vile vile au zaidi, tena sasa hakuna hata maji yanayorudi ardhini kwa kupenya. Mwishoni mwa 2021, Mto Ruvu uliposhuka na jiji kuingia kwenye mgao wa maji, maji ya ardhini ndiyo yaliyowaokoa wengi. Hayo ndiyo yanayonyonywa na kila ekari inayoongezwa bila hesabu.

Funga mita ya maji kwenye mdomo wa kisima na uwe na daftari. Kila wiki andika lita zilizotoka, kina cha maji alfajiri, chumvi, na mvua kama imenyesha. Chumvi ikipanda kutoka 1,400 hadi 1,600 ndani ya msimu mmoja, usingoje ifike 1,700: punguza saa za pampu kwa theluthi na uachie kitalu kimoja. Kina cha alfajiri cha Oktoba hii kikiwa chini kuliko cha Oktoba iliyopita, na mvua hazikuwa mbaya, kisima kinatoa zaidi ya kinachoingia. Kinyume chake, misimu miwili ikipita bila mabadiliko na kisima kikijirudi kila usiku, unaweza kufikiria kuongeza robo ekari.

Ekari mbili na robo zinazobaki hazihitaji kulala. Kunde zinazopandwa masika yakiwa yanaendelea hukomaa kwa miezi miwili hadi miwili na nusu kwa unyevu uliopo ardhini, na mihogo huvumilia ukavu wa miezi mingi bila tone la kisima. Kama mvua za mwaka huu bado hazijakatika huko Mbutu, kunde ziingie shambani sasa, na kitalu cha kwanza cha nyanya kisubiri jaribio la saa sita.